Beringi Moja, Chopa Nzima
Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi, Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Ugonile! Nimesikia "ndaga" kutoka kule nyuma, ahsanteni. Na mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Mada niliyopewa ni uwezo wa viwanda vya helikopta kukidhi mahitaji ya majeshi. Mara nyingi mada hii huzungumzwa na wenye nyota mabegani. Mimi ni fundi. Maisha yangu ya kazi yamepita chini ya chopa, mgongo sakafuni, tochi mdomoni, oili ikinidondokea shingoni. Kwa hiyo nitaanzia huko chini nilikozoea, halafu tutapanda.

Hii niliyoshika ni beringi. Imekaa mezani tangu mlipoingia na najua wengine mmedhani ni ya Fuso. Imetoka kwenye giaboksi ya helikopta. Mkiielekeza kwenye mwanga, pale kwenye njia ya gololi mtaona alama ndogo, kana kwamba ukucha wa mtoto mchanga umebonyeza chuma. Alama hiyo iliilaza chini chopa nzima kwa miezi minne.

Ilikuwa hapa hapa Mbeya, kwenye uwanja wa zamani wa ndege mjini, kabla Songwe haijafunguliwa mwishoni mwa 2012. Chopa ilikuja kwa kazi ya wiki mbili. Siku ya tatu rubani alitua akasema taa ya vyuma imewaka. Kwa wasioijua, ndani ya giaboksi, kwenye oili, tunaweka plagi yenye sumaku. Chuma kikianza kumeguka, vipande vinanasa pale, umeme unapita, taa inawaka mbele ya rubani. Nikaichomoa plagi. Fundi mkuu wangu, mzee mmoja mpole sana, akaifuta kwa kitambaa cheupe na kukipeleka kitambaa mlangoni kwenye jua. Kulikuwa na unga mweusi kama masizi, huo hauna neno. Lakini katikati ya unga kilikuwepo kipande bapa kinachong'aa, kama gamba la dagaa. Akakigeuza kwa ncha ya sindano, akakigeuza tena. Halafu akaniambia, "Mwanangu, fungua kitabu uandike. Hii hairuki."

Siku ileile zikaja habari kwamba Makete kuna mama mjamzito, hali mbaya, barabara ni utelezi mtupu. Je, chopa inaweza kwenda? Chopa ipo, mafuta yamo, rubani amekaa kivulini chini ya mkia wake. Tukajibu hapana. Yule mama aliletwa na Land Cruiser, usiku kucha, akisukumwa kwenye tope na wanakijiji. Namshukuru Mungu, alifika salama na mtoto akazaliwa salama. Lakini lile "hapana" bado ninalo.

Beringi mpya ilichukua miezi minne kufika. Kiwanda hakikuwa nayo stoo. Ikabidi oda yetu isubiri oda za wengine zitimie idadi, kwa kuwa mashine ya kuichonga haiwashwi kwa beringi moja. Hela ilikuwepo, kibali kilikuwepo. Kilichokosekana ni zamu kwenye mashine ile.

Ndugu zangu, jeshi linapouliza kama viwanda vina uwezo, mara nyingi huhesabu chopa ngapi zitatoka getini kwa mwaka. Mimi nahesabu ngapi zitaruka kesho asubuhi zikiitwa. Hesabu hizo mbili haziendi pamoja.

Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Semuliki, upande wa Beni huko Kongo, askari wetu wa JWTZ waliokuwa kwenye ulinzi wa amani walishambuliwa. Giza lilikuwa linaingia. Walipigana kwa saa nyingi. Tuliwazika vijana 15, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulimtuma Dmitry Titov kuchunguza, na Machi 2018 matokeo yakatangazwa. Pamoja na mengine, uchunguzi ulieleza kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa pale, na kwamba nyenzo za msingi zilikosekana: usafiri wa anga, wahandisi, taarifa za kijasusi. Usafiri wa anga umetajwa wa kwanza. Sisemi chopa ingemrudisha kila mmoja nyumbani. Nasema kijana aliyejeruhiwa msituni saa mbili usiku hana haja na chopa iliyopigwa picha kwenye kalenda ya kiwanda. Anataka ile yenye marubani wanaojua kuruka gizani, yenye giaboksi iliyokaguliwa, iliyopaki karibu, na yenye ruhusa ya kuondoka.

Uhaba huu haukuanzia Semuliki. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliomba nchi wanachama helikopta 24 kwa ajili ya Darfur. Nchi zenye mamia ya chopa zilikaa kimya. Mpaka Ethiopia ilipopeleka tano mwanzoni mwa 2010, walinzi wa amani walikuwa wanazunguka eneo lenye ukubwa wa nchi nzima bila chopa hizo za kijeshi. Nilijiuliza sana wakati ule: inakuwaje dunia yenye maelfu ya helikopta za kijeshi ikose 24? Ubahili wa kisiasa ulikuwepo, sikatai. Lakini ukiwa fundi unajua na sababu nyingine. Chopa nyingi zilizo kwenye vitabu vya majeshi zimelala juu ya stendi, mapanga yamevuliwa, zinasubiri spea. Zile chache zinazoruka, mwenyewe anazihitaji.

Mkitaka ushahidi, tazameni nchi tajiri. Norway iliagiza helikopta 14 za aina ya NH90 mwaka 2001, kwa ajili ya jeshi la majini na walinzi wa pwani. Ni chopa ya kisasa kwelikweli, imetengenezwa kwa ushirikiano wa Airbus Helicopters, Leonardo na Fokker. Norway ilihitaji saa 3,900 za kuruka kwa mwaka. Ilikuwa inapata wastani wa saa 700 hivi. Juni 2022 serikali ikasema basi, tunazirudisha zote, tunataka hela yetu. Nchi yenye hela ya mafuta, yenye mafundi waliosoma, ilishindwa kuziweka hewani. Chopa zilikuwepo. Kilichokosekana ni mnyororo wa spea na matengenezo nyuma yake, ulikuwa unakatika kila mara.

Sasa turudi kwenye chuma, maana chanzo cha haya yote kiko huko.

Injini ya Black Hawk, chopa ya kubebea askari ya jeshi la Marekani, inazungusha shafti yake karibu mara 20,900 kwa dakika. Mapanga ya juu yanazunguka mara 258. Kati ya namba hizo mbili kuna giaboksi, nayo ndiyo inayopunguza kasi hiyo karibu mara 81 huku ikibeba nguvu yote na uzito wote wa chopa ukining'inia chini yake. Gari ikivunja giaboksi Mlima Kitonga, unaweka majani barabarani, unapiga simu Ilula. Chopa ikivunja giaboksi, haina pa kuegesha.

Gia moja ya namna hii inaanza kama chuma kilichoyeyushwa kwenye ombwe mara mbili ili kutoa uchafu na hewa. Kisha kinafuliwa. Wazee wetu wafua vyuma wangeielewa kazi hii, ila nyundo hapa ni mashine kubwa kama nyumba. Kisha meno yanachongwa, halafu gia inapikwa kwenye kaboni mpaka ngozi yake inakuwa ngumu na ndani inabaki na ulaini kidogo. Fikirieni andazi: nje limekauka, ndani linavumilia ukilibonyeza. Gia ngumu tupu ingepasuka kama kikombe, na laini tupu ingelika kama sabuni. Baada ya hapo inasagwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya milimita, inapigwa kwa vijigololi ili ngozi ijibane, inakaguliwa kwa asidi, kwa sumaku, kwa mwanga. Hatua moja ikikosewa, gia inatupwa.

Viwanda vinavyoweza kufanya hivyo kwa helikopta ni vichache duniani. Oda zikiongezeka ghafla kwa sababu ya vita, mwenye kiwanda anaweza kujenga banda jipya la kuunganishia ndani ya mwaka, anaweza kuajiri watu wa kufunga nati. Mashine ya kufulia na mzee wa kusaga gia aliyekaa kazini miaka 20 haviagizwi kwa simu. Ndiyo maana nawaambia, uwezo wa kiwanda cha helikopta unapimwa pale kwenye gia, na kwenye injini.

Kuna wanaopinga kwa kutaja vita ya Vietnam, kwamba kule viwanda viliweza. Ni kweli. Helikopta za Huey zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Marekani ilipoteza zaidi ya helikopta 5,000 za aina mbalimbali kwenye vita ile, na viwanda vikaendelea kuzifidia. Lakini Huey ilikuwa na injini moja, mapanga mawili, na umeme ambao fundi mmoja angeufuatilia kwa taa ya betri. Black Hawk iliruka mara ya kwanza Oktoba 1974, na ile ya 5,000 katika ukoo wake ilikabidhiwa Januari 2023. Miaka karibu hamsini. Chopa ya leo ni bora mara nyingi, na huwezi kuimwaga kutoka kiwandani kama ile. Anayepanga vita, au anayepanga ulinzi, akifikiri atafidiwa kama zamani, amejidanganya.

Mkumbuke pia kwamba sumaku yetu haioni kila kitu. Tarehe 29 Aprili 2016, helikopta ya aina ya Super Puma ilikuwa inatoka kwenye mtambo wa mafuta kwenda Bergen, Norway. Mapanga yote yaling'oka angani na watu 13 wakafa. Gia moja ndogo kwenye giaboksi ilikuwa imeota ufa kutokana na uchovu wa chuma, na ufa ukasafiri kwa ndani bila kumwaga vipande vya kutosha kuwasha taa. Kila nikichomoa plagi nikaikuta safi, naikumbuka ajali ile, na nasikiliza giaboksi kwa muda zaidi.

Kwenye injini nako kuna somo, na hili linahusu wanunuzi kama sisi. Mi-8 na Mi-17, chopa za Kirusi zilizoenea Afrika nzima, zimetengenezwa zaidi ya 17,000 tangu 1961. Zinaunganishwa Kazan na Ulan-Ude, Urusi. Lakini kwa miongo mingi injini zake zilitoka Zaporizhzhia, Ukraine, kwenye kiwanda cha Motor Sich. Mwaka 2014 Ukraine ikakata. Urusi, nchi inayotengeneza roketi, ikajikuta ina magamba ya helikopta bila moyo wa kutosha, ikabidi ihimize injini zake kutoka kiwanda cha Klimov, St. Petersburg. Wakafanikiwa, ila kwa miaka. Na nchi inayonunua inaingia kwenye ugomvi huo bila kualikwa. Ufilipino ilisaini kununua Mi-17 kumi na sita mwaka 2021, mwaka uliofuata ikajitoa kwa kuogopa vikwazo vya Marekani, ikabaki na Black Hawk 32 ilizokuwa imesaini mapema mwaka huohuo, zinazounganishwa Mielec, Poland.

Hapa naomba niongee kama mtu wa nyanda za juu, maana kuna jambo watu wa pwani hulisahau.

Dereva wa lori anayepanda kutoka Ruaha Mbuyuni anajua gari linavyokosa pumzi. Chopa inakosa mara mbili: injini inavuta hewa nyepesi, na mapanga nayo yanashika hewa nyepesi. Jeshi la Marekani lilipoandika mahitaji ya ile iliyokuja kuwa Black Hawk, lilitaka iweze kuelea papo hapo, na askari 11 ndani, kwenye mwinuko wa futi 4,000 na nyuzi joto 35. Futi 4,000 ni mita 1,219. Hapa mjini Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi. Baadaye, baada ya kuteseka kwenye milima ya Afghanistan, wakaanza kutaka futi 6,000 kwa joto lilelile. Nimepiga hesabu: hapo hewa imepungua uzito kwa robo ukilinganisha na usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Robo nzima! Na Kitulo iko juu zaidi ya hapo kwa mamia ya mita, Rungwe inafika mita 2,960.

Kwa hiyo muuzaji akija na karatasi inayosema chopa yake inabeba watu kumi na tano, mwulizeni: wapi? Uwanja wa Dar es Salaam alfajiri, au Matamba saa nane mchana, na machela mbili ndani? Kila chopa ina majedwali ya jambo hili kwenye kitabu chake. Yasomwe kabla ya kusaini. Kuongeza nguvu baadaye si kazi ya kubadilisha plagi. Jeshi la Marekani lilichagua injini mpya ya kuipa Black Hawk nguvu za milimani, T901, mwaka 2019. Injini za kwanza za kufungwa kwenye Black Hawk kwa majaribio zilikabidhiwa 2024. Miaka mitano, kwa nchi yenye bajeti ile.

Afrika hatujakaa bure. Afrika Kusini ilitengeneza Rooivalk, chopa ya mashambulizi, ikaruka mara ya kwanza 1990. Mwaka 2013 vijana wetu walikuwa Goma kwenye Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mwanzoni mwa Novemba mwaka ule Rooivalk zikapiga ngome za waasi wa M23 kwenye vilima karibu na mpaka, na ndani ya siku chache M23 wakatangaza kuacha mapigano. Askari wetu waliokuwa chini waliona kwa macho chopa ya Mwafrika ikiwafungulia njia. Najivunia hilo hadi leo.

Lakini zilitengenezwa 12 tu kwa jeshi lao. Hakuna nchi nyingine iliyonunua. Kiwanda kikitengeneza 12 kikafunga mstari, kila spea baada ya hapo ni oda ya pekee, bei yake inapanda, wazee waliojua kuitengeneza wanastaafu. Denel, kampuni ya serikali yao inayozihudumia, ilipoishiwa fedha, Rooivalk nyingi na chopa zao za usafiri za Oryx zikalala chini. Inaniuma, kwa sababu akili ilikuwepo, chuma kilikuwepo, na wateja walikuwa sisi majirani, hatukununua hata moja na hatukukaa nao mezani kuzungumzia spea.

India walipita njia ndefu. Miaka ya 1960 walianza kwa kuunganisha helikopta ya Kifaransa, Alouette III, wakaiita Chetak. Wakajifunza kuifungua, kisha kutengeneza sehemu zake, kisha kuchora ya kwao. Baada ya vita ya Kargil ya 1999, walikotaka chopa ya mashambulizi inayoweza milima mirefu, wakaanza kuitafuta ndani, na Machi 2025 serikali yao ikasaini mkataba wa chopa hizo, zinazoitwa Prachand, 156 kutoka HAL, kampuni yao ya ndege. Hata hivyo Januari mwaka huohuo chopa zao za Dhruv, nazo walizitengeneza wenyewe, zilisimamishwa zote baada ya ajali moja, zikakaa chini kwa miezi. Kutengeneza mwenyewe hakuondoi ubovu. Kunakupa haki ya kuufungua mwenyewe.

Sishauri tujenge kiwanda cha helikopta Mbeya. Atakayewaahidi hivyo kwenye kampeni, mpigieni makofi na muendelee na masomo. Ninachotaka ni kidogo na kigumu zaidi: giaboksi ifunguliwe hapa. Leo giaboksi ikifika saa zake inafungwa kwenye sanduku, inavuka bahari, na tunasubiri. Kibaha tuna Nyumbu ya magari, Morogoro tuna Mzinga ya risasi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege, na ninyi hapa mna mashine za kupima ugumu wa chuma ambazo sisi enzi zetu tulizisoma kwenye picha. Nchi za SADC zikikubaliana aina mbili tu za chopa badala ya kila mmoja kununua yake, karakana moja ya giaboksi ingepata kazi ya kutosha kulipa mishahara. Na kwenye kila mkataba wa ununuzi, kabla ya rangi na idadi ya viti, iandikwe: nani ataifungua giaboksi, wapi, kwa vifaa vya nani, na spea zitakaa stoo ya nani.

Najua itachukua muda. Mzee wangu aliyekataa ile chopa isiruke alinifundisha miaka sita kabla hajaniachia nisaini kitabu peke yangu. Siku aliyoniruhusu alikaa kwenye ndoo nje ya hanga mpaka nikamaliza, hakuingia.

Sasa, hapa mezani kuna beringi tatu na kioo cha kukuzia. Moja ni ile niliyowaonyesha. Katika mbili zilizobaki, moja ni nzima na nyingine ilitolewa kazini, na sitawaambia ipi. Njooni safu moja moja, zungusheni kwa vidole polepole, tazameni, kisha kila mtu aandike kwenye karatasi yake aliyoyaona na kama angeiruhusu kuruka. Msiulizane. Safu ya mbele, karibuni.